Bustani ya Kiangazi na Mkutano wa Ukoo Katika Shamba la Zamani

Somo hili ni kwa mkulima wa Mkoa wa Singida ambaye ndugu zake watakusanyika nyumbani kwa wazee wakati wa kiangazi. Huenda ni arusi, huenda ni kumbukumbu ya mzee aliyefariki, au ni mkutano wa ukoo tu, wa kuonana na kutambuana watoto. Mara nyingi mikutano ya namna hii huwekwa kati ya Agosti na Oktoba, kwa kuwa mavuno yamekwisha kuingia ghalani, njia ni kavu, na kazi ya kutayarisha mashamba haijaanza kwa nguvu.

Wakati huo ghala huonekana limejaa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye mji hutazama magunia yake, huona yanatosha, kisha huuza mawili au matatu ili anunue kabichi, nyanya, vitunguu na mafuta kwa ajili ya wageni. Huuza wakati kila mtu anauza, bei ikiwa chini. Mwezi wa Februari, palizi ikiwa imepamba moto na watoto wanataka kula, hununua nafaka ile ile wakati kila mtu ananunua, bei ikiwa juu.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima hula kadiri ya nusu kilo ya nafaka kwa siku. Nyumba ya watu sita hula kilo 3. Basi gunia moja la kilo 100 huilisha nyumba hiyo mwezi mmoja na siku chache. Kila gunia linalotoka ghalani mwezi wa Septemba kwa ajili ya sherehe ni mwezi mmoja wa chakula unaoondoka katika Januari, Februari au Machi.

Bustani haitoi unga. Lakini mboga, nyanya na majani ya kila namna mkulima aweza kuyapata hapo hapo nyumbani, bila kuuza gunia, ikiwa ataanza mapema na kuhesabu vizuri. Somo hili laonyesha jinsi ya kuhesabu huko. Tutachukua mfano wa mkutano wa watu 40, utakaofanyika tarehe 20 Septemba, wageni wakilala siku mbili. Ikiwa siku yenu ni nyingine au watu ni wengi zaidi, badilisha hesabu kwa kadiri hiyo.

ANZA KWA MAJI

Watu wengi huanza bustani kwa kutafuta mahali pazuri, wakalima matuta kumi, wakapanda, na mwezi wa Agosti matuta saba yamekauka. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na huisha Aprili, na kwa mwaka mzima hupatikana kadiri ya milimita 500 hadi 800. Tangu Mei hadi Oktoba mmea wa bustani hauna kitu ila maji utakayoutilia kwa mkono wako.

Mita moja ya mraba ya mboga hutaka kadiri ya lita 5 za maji kila siku ya kiangazi. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 hutaka lita 25, yaani debe moja na robo. Matuta saba hutaka lita 175, karibu madebe tisa. Sasa jiulize maswali matatu. Kisima chenu hutoa madebe mangapi mwezi wa Septemba, siyo mwezi wa Mei? Kiko mbali gani? Nani atakayechota?

Swali la tatu ndilo ambalo wanaume husahau katika kikao cha kupanga sherehe. Hukubaliana bustani iwe kubwa, halafu kazi ya kuchota humwangukia mama mmoja na watoto wawili, juu ya maji ya kupikia, ya kunywa na ya mbuzi. Bustani iliyopangwa hivyo haifiki Septemba. Ni afadhali matuta manne yanayopata maji kila siku kuliko kumi yanayopata siku moja na kukosa siku mbili. Kama kuna baiskeli au mkokoteni wa punda nyumbani, upangiwe zamu ya bustani waziwazi, mbele ya watu wote.

Tena, yaonje maji kabla ya kulima. Sehemu nyingi za Singida zina maji ya chumvi au ya magadi. Ziwa Singida na ziwa Kindai ni maziwa ya chumvi, na maji yake hayafai kabisa kwa bustani. Visima vilivyo karibu na mbuga navyo huweza kuwa na chumvi, hasa kiangazi kinapokaza. Mimina maji kidogo katika sahani na kuyaacha juani mpaka yakauke. Ukiona utando mweupe mzito, uwe na shaka. Kisha fanya jaribio hili: panda maharage machache katika makopo mawili yenye udongo mmoja. Kopo moja litilie maji ya kisima hicho, la pili maji mengine unayojua kuwa ni matamu. Maharage hayavumilii chumvi. Kama yale ya kisima yanaungua ncha za majani au kudumaa, usipande maharage, vitunguu wala karoti kwa maji hayo. Spinachi na kiazisukari cha mboga, yaani bitiruti, huvumilia zaidi.

MAHALI PA BUSTANI KATIKA SHAMBA LA ZAMANI

Shamba la wazee mara nyingi limechoka. Limelimwa mtama, uwele na mahindi miaka mingi, na udongo wa juu umechukuliwa na maji na upepo. Hata hivyo ndani ya shamba hilo kuna mahali ambapo hapajachoka: zizi la zamani. Wanyaturu tangu zamani wamekuwa wakitia samadi katika mashamba yaliyo karibu na nyumba, na mtu akitembea katika shamba la wazee wakati wa mvua ataona mahali zizi liliposimama, maana mtama hapo ni mrefu na wa kijani kibichi zaidi kuliko penginepo. Wazee hupajua mahali hapo. Waulize mapema, kwani kijana aliyezaliwa mjini hatapaona mwezi wa Juni, majani yakiwa yamekauka.

Kadhalika kuna familia ambazo mji wao wa zamani umebaki mahame tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishiwa katika vijiji. Ikiwa mnataka kukutana katika mahame hayo, au kulima hapo, nendeni kwanza katika serikali ya kijiji mkahakikishe nani mwenye haki ya kulitumia eneo hilo sasa. Huenda mwingine analima hapo kihalali. Jambo hilo lisigunduliwe siku ya wageni.

Angalia: usipande nyanya moja kwa moja juu ya zizi lililohamishwa mwaka jana au juzi. Samadi huwa nyingi mno, nyanya huota majani makubwa na matunda machache. Hapo panda mchicha au spinachi mwaka wa kwanza. Njia nzuri zaidi ni kuchimba udongo wa zizi la zamani na kuuchukua mpaka karibu na maji, ukautia katika matuta. Kubeba samadi mara moja ni kazi ndogo kuliko kubeba maji kila siku kwa miezi minne.

Bustani iwe na kinga ya upepo. Kiangazi cha Singida kina upepo mkali wa kutoka mashariki, nao hukausha tuta upesi kuliko jua lenyewe. Ua wa mabua ya mtama wenye kimo cha mtu, upande wa mashariki, hutosha. Ua huo pia huzuia mbuzi na kuku, ambao usiku mmoja tu wanatosha kumaliza kazi ya miezi mitatu. Ikiwa mji una ua wa minyaa, ukate matawi yanayoning'inia juu ya matuta, lakini uwe mwangalifu sana: utomvu wake ukiingia machoni huleta maumivu makali na waweza kupofusha. Watoto wasipewe kazi hiyo.

MATUTA YA KUZAMA

Wakati wa mvua twainua matuta ili maji yasituame. Kiangazi twafanya kinyume chake. Tuta liwe chini ya njia ya kupita, ili tone la maji lisitoroke na upepo upite juu yake.

Pima upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Ondoa udongo wa juu, uweke pembeni. Tifua udongo wa chini kwa jembe mpaka uwe laini. Changanya ule udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, kisha rudisha, lakini usijaze. Uso wa tuta ubaki chini ya njia kwa sentimeta 10 hadi 15. Udongo uliozidi utengenezee kingo pande zote. Sawazisha vizuri kabisa, maana tuta lililoinama hunywesha upande mmoja na kuua upande wa pili kwa kiu.

Samadi iwe imeoza kweli, nyeusi, isiyo na harufu ya zizi na isiyo na joto ndani. Samadi mbichi huunguza miche, huleta magugu na wadudu, na mboga zake huweza kuwapa wageni maradhi ya tumbo.

Baada ya miche kushika, funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua yaliyokatwa vipande. Matandazo hupunguza sana maji yanayopotea juani. Lakini huku kwetu kuna mchwa. Usiweke matandazo mazito kama godoro, na usiyagusishe na shina la mmea. Yafunue kila baada ya siku chache kutazama chini yake.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni jua likiwa limepoa. Kabla ya kutia maji, chomeka kidole ardhini mpaka kiungo cha pili. Ukikuta umande wa kutosha, acha mpaka kesho. Maji uliyookoa leo ni ya mchicha wa Septemba.

KUHESABU NYUMA KUTOKA SIKU YA WAGENI

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mkulima aliyezoea mvua hupanda vitu vyote kwa wakati mmoja, maana mvua ndiyo inayomwamuru. Katika bustani ya kiangazi anayeamuru ni ile siku ya sherehe. Kila mboga ina muda wake, nawe wahesabu kutoka tarehe hiyo kurudi nyuma. Tena uongeze muda kidogo, kwa kuwa Singida mjini na maeneo mengi jirani yako kwenye mwinuko wa kadiri ya mita 1500, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Mimea hukua polepole kuliko inavyosemwa katika pakiti ya mbegu.

Vitunguu ndivyo vinavyochukua muda mrefu kuliko vyote. Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, kisha miezi mitatu hadi minne shambani. Kwa mkutano wa tarehe 20 Septemba, mbegu iwe imesiwa mwanzoni mwa Aprili, mvua zikiwa bado zanyesha, chini ya kichanja chepesi cha nyasi ili matone makubwa yasiipige. Ikiwa umeshachelewa, usijaribu. Mkoa wetu ni mkoa wa vitunguu na vitapatikana sokoni. Utakuwa umetia maji miezi mitano kwa ajili ya vitunguu vidogo visivyokomaa.

Nyanya zisiwe kitaluni baada ya tarehe 10 Mei. Baada ya wiki nne huhamishwa, na kwa baridi yetu zitaanza kuiva mwishoni mwa Agosti. Mbegu ya Tengeru 97 au Tanya yafaa kwa mkulima mdogo. Zote mbili zilitolewa nchini mwaka 1997, na matunda yake ni magumu, huvumilia kukaa siku kadhaa baada ya kuchumwa. Panda tuta moja, mashina 16 hadi 18, na kila shina ulifungie mti wa kuegemea.

Kabichi nashauri uiache. Hunywa maji mengi, hukaa muda mrefu, na ukikosea maji wiki moja haifungi. Watu huipanda kwa sababu yaonekana kuwa ni mboga ya heshima ya mjini. Mgeni anayetoka Dar es Salaam hula kabichi kila wiki. Anachokitamani nyumbani kwa bibi yake ni mlenda.

Sukuma wiki isiwe chini ya matuta mawili. Sia kitaluni mwanzoni mwa Juni, hamisha mwanzoni mwa Julai, mistari miwili kwa kila tuta, shina hata shina sentimeta 50. Kuanzia katikati ya Agosti nyumba yako itachuma na kula. Lakini ifikapo tarehe 10 Septemba acha kuchuma kabisa. Jambo hili ni gumu kwa mpishi wa nyumbani, kwa sababu majani yanaonekana na watoto wanataka mboga, basi awe na tuta dogo la matembele karibu na mahali pa kuoshea vyombo, livumilie siku hizo kumi. Matuta mawili yaliyopumzishwa hivyo huweza kutoa kadiri ya kilo 10 za majani kwa siku moja.

Chainizi isiwe mbali na tarehe 1 Agosti, tuta moja. Ukiiwahisha hutoa maua kabla ya wageni kufika.

Mchicha ndio askari wa mwisho. Hukaa siku 25 hadi 30 tu. Matuta matatu ya mchicha wa wageni yasiwe tarehe 22 Agosti, siyo kabla. Mbegu zake ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu au majivu ili usisie kwa msongamano, kisha funika kwa udongo mwembamba na nyasi mpaka zichipue. Tuta moja lililoota vizuri hutoa kadiri ya kilo 5 likng'olewa lote.

Sasa tujumlishe. Kilo 10 za sukuma wiki, kilo 15 za mchicha na kadiri ya kilo 8 za chainizi ni kilo 33. Mtu mmoja hutaka kadiri ya gramu 200 za majani mabichi kwa mlo. Watu 40 kwa milo minne ni sahani 160, yaani kilo 32. Mboga zimetosha, na nyanya zipo juu yake.

Tazama pia jambo jingine katika hesabu hii. Mwezi wa Julai una matuta matatu tu yanayohitaji maji, madebe manne kwa siku. Saba yote yanahitaji maji kuanzia Agosti 22, na ndio wakati kisima kinaposhuka. Kwa hiyo usidanganyike na wepesi wa Julai ukaongeza matuta. Kama kisima hakiwezi kutoa madebe tisa ya bustani mwezi wa Septemba, punguza tuta moja la mchicha na tuta la chainizi, ujaze pengo kwa mboga kavu.

Mboga kavu hutayarishwa wakati wa mvua. Majani ya kunde, ya maboga, mgagani na mlenda huchumwa Februari na Machi yakiwa machanga. Kunde na maboga huchovywa kwa dakika chache katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, kisha huanikwa kivulini penye hewa. Jua kali huharibu rangi na sehemu kubwa ya vitamini. Mlenda ukikauka hutwangwa na kuwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Mtungi mmoja wa mlenda hulisha watu wengi wala hautaki hata debe moja la maji ya bustani.

WADUDU NA DAWA

Kiangazi vidukari hujaa chini ya majani ya sukuma wiki. Watafute kila siku tatu. Wakiwa wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo au maji ya majani ya muarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha. Jaribu kwanza kwenye mimea miwili na usubiri siku mbili, uone kama majani hayaungui.

Nyanya zina adui mkubwa, yule mdudu ambaye wakulima humwita kantangaze. Aliingia nchini mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani na kutoboa tunda. Usipande nyanya karibu na shamba la nyanya lililozeeka. Jani lenye michirizi myeupe likatwe siku hiyo hiyo, na matunda yaliyotobolewa yazikwe kwa kina, yasitupwe kando ya tuta.

Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, nunua ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye maandishi unayoweza kuyasoma, siyo iliyomiminwa katika chupa ya soda. Katika maandishi hayo tafuta idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma. Dawa nyingine hutaka siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Iandike tarehe ya kupiga dawa kwenye mti wa tuta. Mtu asidhani kwamba kuosha majani kwa maji kunaondoa sumu yote. Katika siku hizi kumi za mwisho, dawa ya namna hiyo isiguse mboga za majani hata kidogo. Tuta lililovamiwa wakati huo liachwe, na watu wale kidogo.

KUKU

Haya ni ya Bwana Mifugo, lakini hayafai kurukwa, maana mkutano wa ukoo Singida bila kuku si mkutano. Ugonjwa wa mdondo huua kuku wengi wakati wa kiangazi. Chanjo ya tone moja katika jicho moja hurudiwa kila miezi mitatu, na hupewa kuku wazima tu. Chanja kati ya tarehe 10 na 20 Agosti, ili kinga iwe imekamilika. Tena, jamaa huja na kuku wa zawadi kutoka vijiji vingine. Wapokee kwa furaha, lakini kuku hao wakae katika tenga mbali na banda lako mpaka wachinjwe. Mdondo huweza kuingia mjini kwa zawadi moja tu.

GHALA NA MAGUNIA MATATU YA MAJINA

Kabla wageni hawajafika, siyo baada, ligawe ghala katika mafungu na kuyatia alama: mbegu, chakula cha nyumba, na wageni. Fungu la mbegu litengwe kwanza. Masuke ya mtama na uwele yaliyochaguliwa shambani yatundikwe juu ya moshi wa jikoni, mahali ambapo mtu hatayachukua kwa haraka ya kupika. Fungu la chakula hesabu kwa idadi ya watu wa nyumba mpaka mavuno yajayo, nusu kilo kwa mtu kwa siku. Kinachobaki ndicho cha wageni. Kama hakibaki kitu, ukoo uambiwe mwezi wa Julai, ili kila nyumba ilete unga wake. Watu 40 kwa siku mbili hutaka kilo 40. Nyumba kumi zikileta kilo 4 kila moja, jambo limekwisha, na hakuna aliyeaibika.

Kuhusu pombe ya nafaka nasema wazi. Katika sherehe nyingi nafaka inayopikwa pombe huzidi ile inayopikwa ugali. Wenye mji wakitaka pombe, waamue kiasi chake mbele ya mama mwenye ghala, na kisitoke katika fungu la chakula.

Wageni wa mjini wasiachwe waje na mikate na soda peke yake. Waandikieni mapema walete mbegu za bustani za msimu ujao, zenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, au turubai la kuanikia nafaka. Na wale wa vijijini, hasa akina bibi, waombwe kila mmoja alete mbegu za zamani alizo nazo: kunde za kutambaa, maboga, mlenda, mgagani, uwele wa suke refu. Zitandazwe juu ya mkeka, kila mbegu na mwenyewe aieleze hupandwa lini na huvumilia nini. Mbegu kama hizo hupotea na mzee aliyezitunza, nazo haziuzwi dukani.

ASUBUHI MOJA YA KAZI

Wageni wakifika Ijumaa, Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi wote wenye nguvu waende shambani. Watu ishirini kwa saa nne hufanya kazi ya mtu mmoja kwa siku nyingi. Chagueni kazi moja tu. Kama shamba lina mteremko, chimbeni makinga maji kukata mteremko, mkipima kwa fremu ya miti yenye umbo la herufi A na kamba yenye jiwe. Kama ni tambarare, toeni samadi zizini na kuilundika shambani, ikingojea mvua. Samadi hiyo ifunikwe kwa udongo au mabua, isikauke na kupeperushwa.

Wazee wasioweza kulima waketi mahali wanapoona, wawaonyeshe watoto mipaka ya shamba, mahali zizi lilipokuwa, na mahali maji yalipopatikana miaka ya ukame. Mtoto mmoja mwenye daftari aandike.

Wageni wakiondoka, bustani isiachwe. Acha mashina matano ya mchicha bora yazae mbegu, kwa maji kidogo tu. Sukuma wiki iendelee kuchumwa mpaka mvua. Matuta yaliyobaki matupu yajazwe samadi na kufunikwa. Maji yakipungua mwezi wa Oktoba, maji ya kunywa na ya mifugo yatangulie, na tuta litakaloachwa kwanza liwe la nyanya, kwa kuwa wakati huo zimekwisha kuzaa. Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua ya kwanza, bomoa kingo za matuta yale ya kuzama upande wa chini, ili maji ya mvua yasituame humo.